Kutafuta Waya Mbovu wa Umeme



Unapokwenda gulioni kununua chungu, unafanya nini kabla ya kutoa fedha zako? Huangalii umbo na rangi tu. Unakishika chungu kwa mkono mmoja, unakigonga kwa kidole, halafu unasikiliza. Chungu kizima hulia vizuri. Chungu chenye ufa hutoa mlio mbovu, hata kama ufa wenyewe huuoni. Sikio lako limekuambia jambo ambalo jicho halikuliona.

Mafundi wa umeme nao hufanya kazi inayofanana na hiyo. Njia ya umeme inaweza kuwa na urefu wa kilomita nyingi. Hupita porini, mabondeni na mashambani. Waya ukikatika huko mbali, fundi aliye kituoni hawezi kuuona. Lakini umeme uliomo ndani ya njia hiyo hubadilika, na mabadiliko hayo husafiri mpaka kituoni. Mabadiliko hayo tutayaita ishara. Fundi akiwa na vyombo vya kuzipima ishara, anaweza kujua kwamba kuna waya mbovu, na pengine anaweza kujua uko wapi.

Katika somo hili tutaona jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Tutaona pia kwamba kuna waya ambao vyombo vingi haviwezi kuusikia. Ni waya ulioanguka kwenye mchanga mkavu au lami kavu. Waya huo umelala kimya, lakini unaua. Ndiyo maana somo hili linakuhusu wewe, na si mafundi peke yao.

1. Safari ya umeme mpaka kijijini

Umeme hutoka kwenye mitambo ukiwa na safari ndefu mbele yake. Karibu na miji na wilaya hufika kwenye kituo cha kupoozea umeme. Hapa Tanzania, kutoka kwenye vituo hivyo umeme husambazwa kwa njia za volti 33,000 au volti 11,000. Hizi ndizo nyaya unazoziona juu ya nguzo ndefu kando ya barabara. Mara nyingi huwa 3. Ukifika kijijini, umeme huingia kwenye transfoma, ambayo wengine huiita mashine umba. Hapo hupunguzwa mpaka volti 230, ndipo huingia nyumbani.

Tuelewane kuhusu maneno mawili, volti na ampea. Fikiri juu ya maji ya bomba. Kuna nguvu inayoyasukuma maji, na kuna wingi wa maji yanayopita. Kwa umeme, volti hupima nguvu ya kusukuma. Ampea hupima wingi wa umeme unaopita. Waya unaweza kuwa na volti nyingi huku ukipitisha ampea chache sana. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia.

Nyaya za njia kubwa hazikuvikwa mpira. Ziko uchi. Hukaa juu ya vikombe vya kaure au vya kioo ili umeme usishuke kwenye nguzo. Kikombe kikipasuka, tawi likiegemea waya, au waya ukikatika, umeme hupata njia ya kwenda ardhini. Hapo ndipo tunasema pana hitilafu.

2. Hitilafu inayopiga kelele na hitilafu inayonong'ona

Nyaya mbili zikigusana, umeme mwingi mno hupita kwa ghafla. Watu husema, "Pamepiga shoti." Hitilafu ya namna hii hupiga kelele. Fyuzi huyeyuka, au swichi kubwa ya kituoni hujikata yenyewe mara moja. Kijiji hubaki gizani, lakini hatari imeondolewa.

Hitilafu nyingine hunong'ona tu. Waya umekatika na kuanguka chini. Wengi wetu tungedhani kwamba ukigusa ardhi, swichi ya kituoni itajikata. Sivyo ilivyo siku zote. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri. Wahandisi wa Marekani wamepima ampea zinazoingia ardhini pale waya wa njia ya volti 12,500 hivi unapoangukia mahali mbalimbali. Hesabu wanazozitumia kwa kawaida ni hizi:

Lami kavu: ampea 0.
Mchanga mkavu: ampea 0.
Mchanga uliolowa: ampea 15.
Majani makavu: ampea 25.
Majani yaliyolowa: ampea 50.
Zege lenye nondo: ampea 75.

Sasa tuseme njia moja inapeleka umeme kwenye vijiji kadhaa, mashine za kusaga, zahanati na shule. Kwa kazi hiyo ya kila siku inapitisha ampea 100. Kituoni, ampea 15 zilizoongezeka zitaonekana kama wateja wameongeza tu matumizi yao ya umeme. Swichi haina sababu ya kujikata. Tena waya ukikatika, wateja walio mbele yake hukosa umeme, kwa hiyo ampea zinaweza hata kupungua badala ya kuongezeka!

Unaweza kuuliza, "Kwa nini swichi isitegwe iwe nyepesi zaidi?" Ni swali zuri. Swichi ikiwa nyepesi mno, itajikata kila tawi linapogusa waya kidogo na kila mashine kubwa inapowashwa. Zahanati itakosa umeme kila kukicha. Kwa hiyo mafundi walitafuta njia nyingine za kusikiliza. Tutazame 3 kati ya hizo.

3. Njia ya kwanza: kuhesabu ng'ombe

Mfugaji huhesabu ng'ombe wake wanapotoka zizini asubuhi, na huwahesabu tena wanaporudi jioni. Wakitoka 40 wakarudi 39, anajua mmoja amepotea. Hana haja ya kumfuata kila ng'ombe machungani.

Umeme nao huhesabika hivyo. Katika njia ya nyaya 3, umeme unaotoka kwa waya mmoja hurudi kwa nyaya nyingine. Ukijumlisha unaokwenda na kutoa unaorudi, hesabu inakuwa karibu na sifuri wakati wote. Waya mmoja ukianza kuvuja ardhini, umeme uliovuja haurudi kwa nyaya zile. Hesabu haiwi sifuri tena. Chombo cha kituoni huiona tofauti hiyo hata ikiwa ni ndogo kuliko ampea zote za njia ile.

Kuna swichi ndogo ya nyumbani inayofanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo. Hulinganisha umeme unaoingia na unaotoka. Tofauti ikifika elfu 30 za milioni ya ampea, yaani milliampea 30, hujikata kwa haraka ili kumwokoa mtu aliyeshika waya. Ukijenga nyumba, mwulize fundi wako kuhusu swichi hiyo.

Lakini njia hii ina upungufu. Mfugaji amejua kwamba ng'ombe amepotea, lakini hajui amepotelea wapi. Tena, kama waya umelala kwenye mchanga mkavu na hakuna kinachovuja, hesabu itakuwa sawasawa ingawa waya uko chini.

4. Njia ya pili: kutenga milio ya ngoma

Usiku ukiwa mbali na ngoma, unasikia sauti moja iliyochanganyika. Lakini mtu aliyezoea ngoma hutenga milio. Atasema, "Ile ni ngoma kubwa, hii ni chapuo, na kule kuna kayamba." Mpigaji mmoja akikosea, yeye hujua ni nani.

Umeme wa njia zetu huenda na kurudi kwa mawimbi 50 kila sekunde. Hiyo ndiyo ngoma kubwa. Njia ikiwa nzima, ngoma hiyo husikika karibu peke yake. Waya ukianguka kwenye majani, hutoa cheche. Cheche hizo huwaka na kuzimika, huwaka na kuzimika, wala haziwaki sawasawa kila mara. Kwa hiyo juu ya wimbi la 50 hujitokeza mawimbi madogo ya 150, ya 250, na mengine ya juu zaidi, yasiyotulia. Hizo ndizo kayamba za waya mbovu.

Elimu ya kutenga mawimbi ni ya zamani. Mfaransa Joseph Fourier aliieleza katika kitabu chake kuhusu joto kilichotoka mwaka 1822. Alionyesha kwamba wimbi lililochanganyika linaweza kugawanywa katika mawimbi mepesi mengi. Siku hizi kompyuta ndogo iliyofungwa kituoni hufanya hesabu hiyo mara nyingi katika sekunde moja.

Kazi haikuwa rahisi. Mashine ya kuchomelea vyuma nayo hutoa cheche, na mlio wake hufanana na wa waya mbovu. Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, wataalamu wamechunguza jambo hili tangu miaka ya 1970. Waliangusha nyaya zenye umeme kwa makusudi, wakapima ishara zake. Waliona kwamba chombo hakipaswi kuamua kwa haraka. Kinapaswa kusikiliza kwa muda na kutafuta mlio usiotulia. Baadaye waliona jambo jingine lenye faida kubwa: baadhi ya nyaya hutoa ishara siku nyingi kabla ya kukatika. Kiungo kilicholegea hutoa cheche kidogo leo, na kidogo tena kesho. Fundi akiisikia ishara hiyo mapema, anaweza kutengeneza kiungo kabla waya haujamwangukia mtu.

5. Njia ya tatu: kusikiliza mwangwi

Ukisimama mbele ya mlima na kupiga kelele, sauti yako inagonga mlima na kurudi. Huo ni mwangwi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde moja. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, sauti imesafiri mita 680 kwenda na kurudi. Basi mlima uko umbali wa mita 340.

Fundi anaweza kuufanyia waya vivyo hivyo. Kwanza umeme wa kawaida huzimwa. Kisha chombo hutuma pigo fupi la umeme ndani ya waya. Pigo likifika mahali waya ulipokatika, sehemu yake hurudi. Chombo hupima muda.

Tofauti ni kwamba umeme una mbio mno. Katika waya wa juu ya nguzo, pigo husafiri karibu mita 300 katika mikrosekunde moja. Mikrosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni moja. Hebu tufanye hesabu. Tuseme mwangwi umerudi baada ya mikrosekunde 80.

80 × 300 = mita 24,000 kwenda na kurudi.
24,000 ÷ 2 = mita 12,000.

Waya umekatika kilomita 12 kutoka kituoni. Badala ya kukagua nguzo zote, mafundi wataenda moja kwa moja mahali hapo. Kwa waya uliozikwa ardhini pigo huenda polepole zaidi, kati ya mita 150 na 200 hivi kwa mikrosekunde. Njia hii huwafaa sana mafundi wa mijini, maana bila hiyo wangechimba barabara nzima.

Huku vijijini kuna tatizo. Njia zetu zina matawi mengi kama mti. Kila tawi na kila transfoma hurudisha mwangwi wake. Kwa hiyo ni vizuri fundi awe na picha ya mwangwi iliyochukuliwa njia ilipokuwa nzima. Akilinganisha picha ya zamani na ya sasa, mahali penye tofauti ndipo penye kasoro. Mahali pengine hufungwa vionyeshi penye matawi. Hitilafu ikipita hapo, taa ndogo huwaka, na fundi hujua tawi la kufuata.

6. Moto wa Kilmore East

Pengine unasema, "Umeme kukatika ni usumbufu tu." Soma habari hii.

Tarehe 7 Februari, 2009, jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa na joto kali na upepo mkali. Majani yalikuwa makavu kabisa. Karibu na Kilmore East palikuwa na njia ya waya mmoja ya volti 12,700. Waya huo ulikuwa umechoka kwa kutikiswa miaka mingi. Ulikatika, ukatoa cheche, na cheche zikawasha majani. Moto huo mmoja uliua watu 119. Kwa moto wote uliowaka siku ile jimboni, watu 173 walikufa.

Tume iliundwa kuchunguza maafa hayo. Baadaye, kwa njia za nyaya 3, kanuni za mwaka 2016 ziliyataka mashirika ya umeme ya jimbo hilo kufunga vyombo maalumu kwenye vituo 45. Vyombo hivyo hutumia koili iliyobuniwa na Mjerumani Waldemar Petersen mwaka 1916, pamoja na hesabu za kompyuta. Vinatakiwa kugundua waya unaovuja nusu ampea tu. Nusu ampea si zaidi sana ya umeme unaotumiwa na taa moja ya wati 100! Kisha vinatakiwa kushusha nguvu ya waya huo mpaka volti 250 katika sekunde 2, ili cheche zisiwashe majani.

Huko San Diego, Marekani, wamejaribu jambo gumu zaidi. Waya ulio juu mita 9 ukikatika, huchukua kama sekunde 1 na theluthi kufika chini. Vyombo vilivyofungwa sehemu mbalimbali za njia hupima volti kwa wakati mmoja. Mahali waya ulipokatika, volti za upande mmoja hazilingani na za upande wa pili. Njia huzimwa waya ukiwa bado hewani. Ukifika chini, hauna umeme.

Lakini vyombo hivi ni vya gharama, na havijafungwa kila mahali. Kwa hiyo usidhani kwamba waya ulioanguka shambani kwako umekwisha kugunduliwa na mtu.

7. Kazi yako wewe

Sasa rudi kwenye ile orodha ya ampea. Mchanga mkavu: ampea 0. Yaani kituoni hakuna kinachovuja cha kupimwa. Swichi haijikati, na waya umelala chini ukiwa na volti zake zote. Ukiushika, mwili wako ndio utakuwa njia ya kwenda ardhini. Hapo jicho la mwanakijiji linakiona kile ambacho chombo cha kituoni hakikisikii. Fanya hivi:

Kwanza, usiuguse waya, wala usiusogeze kwa mti, fimbo au jembe. Mti unaoonekana mkavu unaweza kupitisha umeme wa volti nyingi.

Pili, kaa mbali, mita 10 au zaidi, na uwazuie watoto na mifugo. Umeme huenea ardhini kuzunguka waya. Karibu na waya nguvu ni kubwa, mbali ni ndogo. Mtu akipiga hatua ndefu, umeme hupanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine. Ng'ombe huathirika upesi zaidi, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali. Ukijikuta uko karibu na waya, ondoka kwa kuburuta miguu polepole, nyayo zikiwa zimegusana.

Tatu, usiseme, "Waya huu umekufa." Kukosa cheche si dalili kwamba umeme haupo. Tena swichi nyingine hujirudisha zenyewe baada ya muda mfupi ili kujaribu kama hitilafu imeondoka. Waya usio na umeme sasa hivi unaweza kuwa nao dakika hii hii.

Nne, kama mtu amenaswa, usimshike. Piga simu njia izimwe kwanza. Ni uchungu kusimama na kutazama, lakini mara nyingi anayekimbilia kuokoa hufa pia.

Tano, toa habari kwa shirika la umeme na kwa uongozi wa kijiji. Nguzo nyingi zina namba. Isome namba ya nguzo iliyo karibu, ukiwa mbali na waya, uitaje kwenye simu. Mwenzako asiyejua kusoma atasema, "Waya umeanguka karibu na mwembe mkubwa." Wewe utasema namba, na fundi atafika upesi. Hiyo ni faida moja ya kisomo.

Toa habari pia kabla waya haujaanguka. Umeona tawi likisugua waya? Umesikia kikombe kikitoa mlio kama wa kukaanga mafuta wakati wa ukungu? Umeona nguzo imeinama, au taa za nyumbani zinafifia na kuwaka sana bila mpango? Zote hizo ni ishara. Usingoje.

Mwenye kununua chungu hukigonga kabla hakijavujisha maji jikoni. Nasi tuzisikilize njia zetu za umeme kabla hazijamwua mtu.

Maana ya maneno

Ampea: kipimo cha wingi wa umeme unaopita.
Hitilafu: kasoro inayofanya umeme upite mahali pasipotakiwa au ukatike.
Ishara: mabadiliko yanayopimwa, yanayotupa habari ya jambo tusiloliona.
Mikrosekunde: sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni moja.
Volti: kipimo cha nguvu inayosukuma umeme.

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Kwa nini swichi ya kituoni inaweza kutojikata wakati waya umeanguka kwenye mchanga mkavu?
2. Mwangwi wa pigo la umeme umerudi baada ya mikrosekunde 50. Waya umekatika umbali gani?
3. Kwa nini ng'ombe yuko hatarini zaidi kuliko mtu karibu na waya ulioanguka?
4. Tembeeni pamoja kufuata njia ya umeme ya kijiji chenu, bila kugusa kitu. Andikeni namba za nguzo zilizo karibu na shule, kisima na zahanati. Ni nguzo zipi zina miti inayokaribia nyaya? Mtampelekea nani orodha hiyo?